Nyumba Iliyogawanywa Juujuu

Mama alipofariki, nyumba ilibaki kwa mabinti zake wawili. Mkubwa alikuwa matroni wa bweni katika shule ya wasichana, na kwa kuwa hata nyumbani alizungumza kama anayekagua vitanda, watu wote walimwita Matroni, mume wake akiwa wa kwanza. Mdogo alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa humo humo ndani, kwenye kilichokuwa chumba cha kulia chakula, na jina la Msusi lilikuwa limemganda kiasi kwamba wateja wengine walidhani ndilo alilopewa na wazazi.

Ugomvi wao ulitokana na maneno ya mwisho ya mama. Alimwita mkubwa kitandani, akamwambia, "Mwangalie mwenzako." Kisha akamwita mdogo, akamwambia vivyo hivyo. Kila mmoja akatoka chumbani akijua kwamba yeye ndiye aliyeachiwa jukumu la kumlea mwenzake, na kila mmoja akaanza kazi kabla hata wageni wa msiba hawajatawanyika. Matroni akamwambia mdogo wake apunguze wateja wenye makelele. Msusi akamwambia dada yake apunguze chumvi, presha haina adabu. Matroni akamkataza mdogo wake kuanika taulo za saluni mbele ya nyumba. Msusi akampangia dada yake saa ya kulala. Haukupita mwaka, walikuwa wameangaliana mpaka hawasemezani.

Wakakubaliana jambo moja tu: ujengwe ukuta.

Fundi mwashi alipiga kamba katikati ya korido, na uwanjani akapima uzio wenye geti kila upande. Matroni na mume wake wakabaki na sebule, jiko, stoo na vyumba viwili vya mbele. Msusi akapata saluni, chumba cha mama, bafu kubwa, na kile chumba kidogo chenye sinki ambamo zamani mama alikuwa akioshea vyombo. Mume wa Matroni, mstaafu wa kiwanda cha uchapaji na mtu wa maneno machache, alisimama akiitazama ile kamba kwa muda.

"Na mabomba je?" akauliza.

"Mabomba yamefanya nini?" Matroni akamgeukia.

"Hayajafanya kitu. Nauliza tu yataishia upande gani."

Mabomba yalikuwa yamejificha ndani ya kuta na chini ya sakafu, na katika mgawanyo ule kisichoonekana hakikuwa na fungu. Nyumba yenyewe baba yao marehemu aliijenga kwa mikono yake, chumba kimoja baada ya kingine, kadiri alivyopata matofali. Kila alipoongeza chumba alivuta waya kutoka pale ulipokuwa karibu, na bomba kutoka pale lilipomwia rahisi. Alijua mwenyewe kila kitu kilipo, akafariki na ujuzi wake.

Plasta ya ukuta ilikuwa haijakauka pale Matroni alipobonyeza swichi ya zamani iliyo mlangoni mwa sebule, ambayo kwa miaka haikuguswa na mtu. Taa haikuwaka. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara nyingi kwa hasira, kama anayegonga mlango wa mtu anayemdai.

Upande wa pili, Msusi alikuwa anaoga. Taa ya bafu, ambayo kwa desturi ya nyumba ile haikuzimwa kamwe, ikazimika, ikawaka, ikazimika, ikawaka. Akasimama na povu lake kichwani.

"Mama?" akaita kwa sauti ndogo.

"Mama gani?" ikajibu sauti ya Matroni ukutani. "Ni mimi. Nawasha taa yangu."

"Unawasha yangu! Iache!"

Hivyo ndivyo walivyojua kwamba taa ya bafu la Msusi inawashwa kutoka sebuleni kwa dada yake. Haikuchukua muda wakajua pia kwamba feni ya chumbani kwa Matroni inawashwa saluni, nyuma ya kioo. Kwa kuwa walikuwa wameapa kutosemezana, waliambizana mambo haya kwa kupiga kelele, maana kuuambia ukuta hakukuhesabiwa kuwa ni kumwambia mtu.

"Ukuta, niwashie taa, nataka kuoga!"

"Ukuta, na mimi nizimie feni, nimeshikwa na mafua!"

Mume wa Matroni alinunua redio ndogo ya kusikiliza kwa waya masikioni.

Huenda wangezoea maisha hayo, lakini siku moja Msusi alikuwa anafagia chini ya lile sinki la zamani akaona koki mbili zilizojaa vumbi, moja kubwa na moja ndogo. Akaizungusha ile ndogo, kwa udadisi tu. Muda si mrefu akasikia ukutani: "Maji yamekwenda wapi tena jamani, na mimi nina sabuni usoni!" Msusi akaifungua, maji yakarudi. Akaifunga, dada yake akapiga kelele. Akaifungua, kelele zikakoma. Akakaa chini sakafuni na fagio lake, akatabasamu kama mtu aliyepata cheo.

Tangu siku ile, Matroni akiimba kwa sauti anapoosha vyombo, maji yalikatika katikati ya ubeti. Akimkaripia mume wake, maji yalikatika. Mume hakuwahi kusema lolote juu ya jambo hilo, ila alianza kumsalimia shemeji yake kwa heshima zaidi.

Matroni naye si mtu wa kuonewa. Aliizunguka nyumba kwa upande wake, akifungua kila kabati na kusukuma kila kiti, mpaka akafika koridoni kwenye kile kisanduku cha umeme ambacho maisha yake yote alikitumia kuning'iniza funguo. Akakifungua. Ndani kulikuwa na swichi zilizopangwa kama wanafunzi asubuhi, bila jina hata moja. Akaanza kuzishusha, kwa kila moja akitega sikio. Mojawapo ilipokwenda chini, mashine ya kukaushia nywele ilinyamaza upande wa pili, na mteja akasema, "Kha!"

Basi ikawa maji yakikatika huku, umeme unakatika kule. Wateja wa Msusi walizoea. Wengine walijua kabisa kwamba ukisikia Matroni ameanza wimbo, ukaushwe nywele upesi.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya joto. Matroni alikuwa amejaza beseni la kufulia na kuloweka shuka, fulana na soksi za mume wake. Alipofungua bomba asuuzie, likakohoa, likatema tone moja, likanyamaza. Hakuwa ameimba. Hakuwa amemkaripia mtu. Akaona huo ni uonevu wa wazi. Akakausha mikono, akaenda koridoni, akaishusha swichi ya saluni kwa nguvu.

Kumbe Msusi hakuwa amegusa koki. Alikuwa na mteja kwenye kiti, mama mmoja mkubwa aliyepakwa dawa ya kulainisha nywele kichwa kizima, ile dawa ambayo ikipitiliza inaanza kulainisha na ngozi. Muda wa kuosha ulikuwa umefika. Msusi akafungua bomba, bomba likakohoa. Feni ikasimama. Msusi akaunganisha mambo hayo mawili mara moja, na akayaunganisha vibaya: akajua dada yake sasa amepata koki yake.

"Inaanza kuwasha," mteja akasema.

"Sekunde moja tu, Mama."

Akakimbilia sinki la zamani. Kwa haraka aliyokuwa nayo hakukumbuka kufungua ni kushoto au kulia, akazungusha koki zote mbili kadiri zilivyokubali. Bila kujua, akawa amezifunga. Akaukimbilia ukuta, akaupiga kwa kitana.

"Fungulia maji!"

"Maji unayo wewe!" Matroni akajibu.

"Ninayo wapi? Nina mtu na dawa kichwani! Fungulia!"

"Wewe ndiye unayekata maji nyumba hii, leo umekata ukajikata mwenyewe. Kaa hivyo hivyo!"

Hapo ikasikika sauti ya tatu, nzito, iliyozoea kusikika hadi mwisho wa uwanja wa paredi.

"Matroni! Nyinyi wawili! Kichwa changu kinaungua!"

Matroni akaganda. Sauti ile alikuwa akiisikia kila Jumatatu asubuhi, amesimama wima nyuma ya mistari ya wasichana. Ilikuwa ya Mwalimu Mkuu.

Alitazama jikoni. Maji pekee yaliyokuwepo ni yale ya kunywa kwenye sufuria, na yale ya beseni. Akabeba sufuria, akamwita mume wake abebe beseni. Kutoka mlango wao hadi mlango wa saluni, kabla ya ukuta, ilikuwa hatua chache za korido. Sasa walilazimika kutoka nje, kufungua geti lao, kuzunguka uzio, na kugonga geti la Msusi, ambalo Msusi alikuwa amelifunga kwa kufuli ili dada yake asiingie. Funguo zikatafutwa. Ndani, Mwalimu Mkuu alikuwa akijipepea utosi kwa gazeti na kumtaja Mungu.

Maji ya kunywa yalitosha kuondoa dawa ya juu tu. Msusi akatazama beseni.

"Hili nalo?"

"Lina sabuni," Matroni akasema, pumzi zikimpaa.

"Na soksi zangu," mume wake akaongeza, kwa ajili ya ukweli.

"Zitoeni soksi mnimwagie!" akafoka Mwalimu Mkuu.

Wakammwagia. Dada akashika kichwa, mdogo akamimina kwa kopo, na kwa muda ule hakuna aliyekumbuka kwamba hawasemezani. "Inua kidogo." "Nyuma ya sikio, hapo, hapo." "Usimuingizie machoni." Mume wa Matroni, ambaye hakuwa na kazi tena, alitoka nje, akapanda kwa ngazi hadi kwenye tangi lililo juu ya paa, akafunua mfuniko na kuchungulia. Tangi lilikuwa kavu. Lile boya linaloelea, ambalo likipanda na maji hufunga na likishuka hufungua, lilikuwa limenasa ubavuni mwa tangi, limebaki juu kana kwamba maji yamejaa. Akalisukuma kwa kidole. Maji ya mtaa yakaingia kwa kishindo.

Akashuka, akaingia saluni, akasimama mlangoni.

"Ni boya," akasema.

"Boya gani?" dada wote wawili wakauliza kwa pamoja.

Akawaeleza. Msusi akamtazama dada yake, na dada akamtazama mdogo wake. Hakuna aliyekata maji. Lilikuwa jambo gumu kulipokea, maana kila mmoja alikuwa ameshaandaa kichwani maneno atakayomwambia mwenzake, na mengine yalikuwa mazuri sana.

Nywele za Mwalimu Mkuu zilitoka laini kuliko siku zote. Hilo halikumzuia kumwita Matroni ofisini Jumatatu.

"Nyumba ile umekulia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Maji yake yanatoka wapi?"

"Bombani, Mwalimu."

"Na bombani yanatoka wapi?"

Matroni akatazama dirishani.

"Wasichana wangu watamaliza shule waende kwenye nyumba zao," Mwalimu Mkuu akasema, akijishika utosi taratibu. "Sitaki waje wamuunguze mtu. Utawafundisha jinsi nyumba inavyofanya kazi. Maji, umeme, maji taka, kila kitu. Na utawafundishia pale pale kwako, waone kwa macho."

Kwa hiyo Matroni, kwa sababu ya kutojua, akateuliwa kuwa mwalimu. Alirudi nyumbani, akaufikiria ukuta kwa muda mrefu, kisha akaugonga kistaarabu.

"Nusu ya somo iko kwako," akasema.

Msusi alikaa kimya kidogo ili aombwe vizuri. Akaombwa vizuri.

Jioni zilizofuata zilikuwa za kelele. Mmoja aliwasha, mwingine alitazama. Mmoja alifunga koki, mwingine alifungua mabomba yote na kutangaza matokeo.

"Jikoni limekatika?"

"Limekatika! Bafuni bado linatoka!"

"Basi la bafuni linapita kwingine. Jaribu choo cha wageni!"

Walichora mabomba na nyaya kwa chaki kwenye kuta, maji kwa rangi ya buluu na umeme kwa nyekundu, kila mmoja upande wake, michoro ikikutana ukutani kama barabara zilizofungwa. Matroni alibandika karatasi kwenye kila swichi ya kisanduku. Msusi alifungua bomba lililokuwa likivuja tangu enzi za baba, akakuta ni kampira kadogo kameliwa na miaka, akakabadilisha, akasimama akilitazama lisivuje. Walijifunza kwamba maji hushuka kwa uzito wake mwenyewe, ndiyo maana tangi liko juu. Walijifunza kwamba lile bomba lililojipinda chini ya sinki baba hakulikosea. Maji yanayobaki kwenye pindo ndiyo yanayozuia harufu isipande. Saluni, Msusi alikuwa na bomba la sinki ambalo fundi wa saluni alilinyoosha ili lipendeze, na kwa miaka mingi alikuwa akiyalaumu mafuta ya nywele kwa harufu ile.

Siku ya somo wasichana walijaa pande zote mbili. Kundi moja lilikaa sebuleni na Matroni, kundi jingine saluni na Msusi, na walimu hao wawili wakafundisha kwa kupokezana ukutani.

"Nafunga koki kubwa!" Msusi akatangaza.

"Huku kumekauka kote!" wakajibu wasichana wa Matroni kwa shangwe.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi kwenye kiti cha saluni, ameridhika. Ndipo msichana mmoja sebuleni, mwenye macho ya kuona kila kitu, akanyoosha mkono.

"Matroni, mabomba yote yanapita hapa na nyaya zote zinapita hapa. Sasa huu ukuta wa katikati kazi yake ni nini?"

Matroni akaupapasa ukuta kwa kiganja.

"Unabeba paa," Matroni akasema.

"Ndiyo," sauti ya Msusi ikathibitisha haraka kutoka upande wa pili. "Msiuguse kabisa."

Wasichana wakaandika.

Mtu angedhani baada ya hapo wangeubomoa. Lakini sasa walikuwa wameielewa nyumba, na kwa mara ya kwanza waliweza kuigawa sawasawa. Wakamwita fundi bomba, bwana mmoja mwenye mdomo mwingi, na kabla hajafungua mkoba wake wakamweleza kazi yote mpaka akakosa la kusema. Wakamwita na fundi umeme, wakamsimamia juu ya kichwa. Kila mmoja akapata tangi lake, koki yake kuu, kisanduku chake na mita yake. Taa ya bafu ikahamia bafuni. Feni ikarudi kwa mwenyewe.

Siku ya kumaliza, fundi bomba alinawa mikono nyuma ya nyumba, akawaonyesha mfuniko wa zege uliokuwa chini kabisa ya uzio, nusu yake kwa Matroni na nusu kwa Msusi.

"Vyote nimevitenganisha," akasema. "Isipokuwa hili shimo la maji taka. Kiwanja hakina nafasi ya shimo la pili, labda mumhamishe jirani."

"Kwa hiyo?" Matroni akauliza.

"Kwa hiyo hili ni la wote."

Ikaingia amani. Mashine za saluni zilinguruma bila kukatika. Matroni aliimba nyimbo mpaka beti za mwisho, akagundua kwamba beti za mwisho alikuwa hazijui vizuri. Wakati mwingine Msusi alisimama na kitana mkononi, akaitazama balbu, balbu ikamwangazia tu. Ikapita wiki nzima ukuta haujaambiwa neno. Mume wa Matroni alizichomoa waya za redio masikioni, akakaa, akasikiliza, akazirudisha.

Ndipo choo cha wageni kilipoanza kugoma. Gari la kunyonya maji taka likaletwa, likaegeshwa kwa kurudi nyuma mpaka kwenye uzio. Matroni alitoka amefunga kilemba kizuri. Msusi alitoka amepaka rangi ya midomo. Dereva akashusha mpira mnene, akatazama huku na huku.

"Shimo la nani?"

"Langu," Matroni akasema.

"Langu," Msusi akasema wakati huo huo.

"Lako kivipi? Maji mengi yanayoingia humo ni ya jikoni kwangu."

"Ya jikoni? Dada, mimi naosha vichwa kutwa nzima! Na bafu kubwa liko kwangu."

"Bafu lako linaingilia ubavuni tu. Bomba kuu ni langu."

"Si kweli. Ngoja nikuonyeshe."

Msusi akaokota kijiti, akachora mstari mchangani. Hapa sinki, hapa pindo, hapa chini ya dirisha la mama ndipo yanapokutana. Matroni akainama, akafuta nusu ya mstari kwa kiganja, akauchora upya.

"Yakutane hapo vipi na mteremko uko huku? Maji yapande mlima?"

"Mteremko uko huku juu. Chini baba aliulaza hivi. Si ulishika tochi mwenyewe fundi alipochimba?"

"Nilishika tochi, sikushika akili yako."

"Mama zangu," dereva akasema, "mimi nataka mfuniko tu."

Hakuna aliyemsikia. Walikuwa wamechuchumaa, vichwa vimekaribiana, kilemba kimoja na nywele zilizosukwa, na mchoro ulikuwa umefika kwenye magurudumu ya gari. Dereva akasubiri, kisha akapanda akazima injini. Mume wa Matroni akamtolea kiti.

"Kaa," akamwambia. "Bado hawajafika hata kwenye kona."